Ini la Mtoto na Barabara ya Kindu

Mwaka 1981 jarida la kitabibu la Lancet, linalochapishwa London, lilitoa ripoti kutoka Kasongo, mji wa kusini mwa Maniema, jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (wakati ule Zaire), ulio zaidi ya kilomita 200 kutoka Kindu kwa barabara. Walioiandika walifanya kazi pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, na badala ya kutanguliza majina yao walijiita Timu ya Mradi wa Kasongo. Walikuwa wamechanja watoto dhidi ya surua, kisha wakawafuatilia wale wa miezi 7 hadi 35 waone wangapi wangebaki hai. Chanjo ilifanya kazi yake: katika umri ambao surua huua zaidi, waliochanjwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao. Lakini kadiri watoto walivyokua, pengo kati ya makundi mawili lilizidi kupungua. Timu iliyasoma matokeo hayo kwa namna iliyowaudhi wengi: huenda baadhi ya watoto walionusurika na surua walichukuliwa baadaye na maradhi mengine, kwa sababu walibaki wadhaifu katika nyumba zilezile na kwa chakula kilekile. Ripoti ile ilikuwa ya surua, lakini swali ililoliacha ni pana zaidi. Mtoto akishaokolewa, anarudi kuishi katika hali gani, na nani anamwangalia kesho yake?

Swali hilo ndilo linalowashughulisha leo wanaopandikiza watoto ini, na wengi wao hawajapata kusikia jina la Kasongo. Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, si mahali pa upasuaji huo, wala hakuna haja ya kujifanya kwamba utafika huko karibuni. Upasuaji ni siku moja katika maisha ya mtoto, na siku hiyo inaweza kupita Brussels, Johannesburg au Delhi. Siku nyingine zote atazimaliza kwao. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba hali ya maisha ya mtoto aliyepandikizwa ini hujengwa au kubomolewa na huduma ndogondogo za pale anapolala, na kwamba historia ya tiba katika Maniema, pamoja na kukatikakatika kwake, inalieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya upasuaji.

Upandikizaji wa ini wenyewe ulianza na mtoto. Tarehe 1 Machi 1963, huko Denver, Marekani, daktari Thomas Starzl alijaribu kumpa ini jipya mtoto wa miaka 3 aliyezaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Mtoto alivuja damu, akafia mezani. Mwaka 1967 mtoto mwingine, wa mwaka mmoja na nusu, aliishi zaidi ya mwaka na ini la mwenzake, na hilo likahesabiwa ushindi mkubwa. Katika miaka ile kuuliza kama mtoto wa namna hiyo anafuata masomo au anacheza na wenzake kungeonekana mzaha, maana wengi hawakufikisha mwaka. Dawa ya siklosporini ndiyo iliyobadilisha mambo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuuzuia mwili usilikatae ini la mgeni. Juni 1983 jopo la wataalamu lililokutana Marekani lilitamka kwamba kupandikiza ini kumetoka katika majaribio na kuwa tiba. Mwaka uliofuata Jean-Bernard Otte alianza kupandikiza watoto katika hospitali ya Saint-Luc, Brussels, na mwaka 1989 madaktari wa Brisbane, Australia, walifaulu kukata kipande cha ini la mama na kumwekea mwanawe. Ini la mzazi hukua tena na lile la mtoto hukua pamoja naye, kwa hiyo kungojea maiti kukaacha kuwa njia pekee. Ndivyo Ubelgiji, mkoloni wa zamani wa Kongo, ilivyojikuta na makundi mawili ya madaktari katika kipindi kimoja: moja la Antwerp, lililojifunza Kasongo namna ya kuendesha kituo cha afya, na jingine la Brussels, lililojifunza kushona mishipa ya damu yenye unene wa njiti. La pili ndilo lililopata sifa.

Watoto walipoanza kuishi, maswali mapya yalikuja. Katika vituo vizuri leo, karibu watoto 9 kati ya 10 wako hai miaka mitano baada ya kupandikizwa. Mwaka 2014 wataalamu wa hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, walichapisha dodoso la maswali 26 kwa watoto wa miaka 8 hadi 18 waliopata ini jipya. Halimuulizi mtoto kuhusu nyongo wala vimeng'enya. Linamuuliza anavyoiona afya yake ya mbele, anavyozoea hali yake, anavyojisikia akiwa na wenzake. Kwa ujumla, tafiti za aina hii zinaonyesha watoto hawa wakiwa chini kidogo ya wenzao wazima, na upande unaowaumiza zaidi ni shule: siku wanazokosa, uchovu, kushindwa kushika wanachofundishwa. Utafiti mmoja wa Amerika ya Kaskazini uliwapima akili watoto wa miaka 5 hadi 7 waliopandikizwa, ukakuta kwamba takriban robo yao walikuwa na uchelewefu wa kadiri, karibu maradufu ya kinachotarajiwa kwa watoto wa kawaida. Sehemu ya sababu iko kabla ya upasuaji: mtoto aliyekaa miezi na njaa na nyongo katika damu, ubongo wake ukiwa bado unakua, hulipa deni hilo baadaye. Hivyo hata ubora wa maisha ya darasani unaanzia nyuma sana, katika juma ambalo mtu wa kwanza aliona macho ya manjano akaamua kusema au kunyamaza.

Inafaa kuangalia kwa karibu kinachotakiwa nyumbani. Dawa kuu siku hizi ni takrolimusi, iliyochukua nafasi ya siklosporini tangu miaka ya 1990. Mtoto huipata mara mbili kwa siku, saa 12 zikitenganisha dozi na dozi, kwa maisha yake yote. Ikipungua katika damu, mwili unaanza kulishambulia ini; ikizidi, inaumiza figo. Nafasi kati ya kupungua na kuzidi ni nyembamba, ndiyo maana damu hupimwa tena na tena, na asubuhi ya kipimo mzazi asimpe mtoto dawa mpaka damu itolewe. Mtoto asiyeweza kumeza kidonge anahitaji dawa ya maji iliyotayarishwa na mfamasia anayejua kazi yake. Kisha kuna mitego ambayo daktari wa Brussels haioni kwa sababu haimo mlangoni pake. Rifampisini, dawa ya kawaida ya kifua kikuu, huifanya takrolimusi ichakazwe haraka mwilini hadi ibaki kidogo mno. Muuguzi wa Maniema akimtibu mtoto kifua kikuu sawasawa kabisa na mwongozo wa taifa, bila kujua kuhusu ini lile, anaweza kulipoteza katika majuma machache. Muuguzi huyo hajafanya kosa lolote. Kilichokosekana ni karatasi moja na mtu mmoja wa kuisoma.

Sasa tazama mji ambao mtoto huyo angeurudia. Kindu ilikua kama bandari. Wabelgiji waliiita Port-Empain, kwa jina la tajiri aliyesimama nyuma ya CFL, kampuni ya reli iliyoundwa mwaka 1902, na kazi ya mji ilikuwa kupokea mzigo kutoka meli za Lualaba na kuupakia kwenye treni ya kwenda Kongolo na kusini. Tiba ilifuata njia ya mzigo. Kampuni za migodi, kama Symétain ya bati kule Kalima, zilitibu wafanyakazi wao kwa sababu mgonjwa hachimbi. Katika Kongo nzima ya kikoloni timu za ugonjwa wa malale zilipita vijijini, zikapapasa shingo za watu, zikachoma sindano, zikaandika hesabu, zikaondoka. Siwezi kuziita bure, maana watu wengi walipona. Ila mtindo wake ulikuwa wa kuja na kwenda, na mtindo huo ukawa mazoea ya karne nzima: treni inapofika kuna dawa, isipofika hakuna. Oktoba 1998 waasi wa RCD waliuteka mji. Wapiganaji wa Mai-Mai wakauzingira kwa nje, na wakazi wakashindwa kufika hata mashambani kwao. Mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu, miji ambayo Kindu iliitegemea kwa bidhaa nyingi, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mtu wa kawaida hukabili hali hiyo kwa kupunguza: sukari kidogo, sabuni kidogo, safari chache. Takrolimusi haikubali kupunguzwa.

Ndiyo maana Kasongo ina maana kubwa kuliko takwimu zake. Mradi ulianza mwaka 1971, na fikra zake zilitoka kwa watu kama Pierre Mercenier na Harrie Van Balen. Waliamini kwamba kituo cha afya kinapaswa kuwa mahali ambapo mgonjwa anajulikana. Kila kituo kilihudumia eneo la watu ambao wauguzi wangeweza kuwafahamu, na hospitali ilikuwa nyuma yake kwa yale yaliyokishinda. Kwa wagonjwa wa muda mrefu, wenye kifua kikuu au ukoma, shule hii ya Antwerp ilifundisha kitu kinyenyekevu kabisa: kisanduku cha kadi zilizopangwa kwa tarehe ya kurudi. Jioni muuguzi anaangalia kadi za leo. Iliyobaki kisandukuni ni ya mtu ambaye hakuja, na kesho kuna mtu wa kumtafuta. Sehemu ya fikra hizo iliingia katika mpango wa zoni za afya ambao Zaire iliuchukua miaka ya 1980, na ambao Kongo inautumia mpaka sasa kwa zoni zake 519, kati yake 18 za Maniema. Kindu ni mojawapo. Alunguli, ng'ambo ya mto, ni nyingine. Mtu akikagua orodha ya mahitaji ya mtoto aliyepandikizwa ini, atakuta karibu yote yamo katika maelezo ya kazi ya kituo cha Kasongo: kujulikana, kurudi kwa tarehe, kutafutwa asipokuja, na barua inayotembea kati ya kituo na hospitali.

Hapa pana pingamizi la haki. Hitimisho la Kasongo kuhusu surua halikusimama. Mtafiti Peter Aaby, aliyeanza kazi Guinea-Bissau mwishoni mwa miaka ya 1970, alionyesha kwa miaka mingi kwamba chanjo ya surua hupunguza vifo vya watoto kuliko hata inavyoweza kuelezwa na surua yenyewe. Waliookolewa na chanjo hawakuwa wadhaifu wanaosubiri kifo kingine. Na ripoti ya Kasongo iliingia vitani ikiwa bado mbichi. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitangaza huduma ya afya ya msingi kwa wote, mwaka 1979 watafiti Walsh na Warren wakashauri kuchagua tiba chache za bei nafuu, na kila upande ukatafuta silaha. Antwerp ilitumia Kasongo kuwapinga wa upande wa pili. Nakubali kwamba hesabu ile ilibebeshwa mzigo mzito kuliko nguvu zake. Kama ingechukuliwa kuwa sababu ya kupuuza chanjo, watoto wengi wangekufa. Lakini kuanguka kwa jibu hakuliangushi swali. Namna ya kuuliza, yaani kuendelea kuhesabu baada ya ushindi wa kwanza, ndiyo iliyokosekana kwa wapasuaji kwa miongo miwili, na ndiyo waliyoirudia baadaye kwa madodoso yao.

Tena surua inarudi katika habari hii kwa mlango ambao Kasongo haikuutazamia. Mtoto anayetumia dawa za kushusha kinga kwa kawaida hapewi chanjo zenye virusi hai, na ya surua ni mojawapo. Madaktari hujitahidi kumchanja kabla ya upasuaji. Lakini watoto wenye mirija iliyoziba mara nyingi hupandikizwa kabla ya kutimiza mwaka, na ratiba ya Kongo hutoa chanjo ya surua katika mwezi wa 9, kwa hiyo nafasi ni finyu. Asipoipata, ngao yake pekee ni watoto wengine. Kama wenzake wa Mikelenge na Kasuku, mitaa ya Kindu, wamechanjwa, surua haimfikii. Wasipochanjwa, inamfikia akiwa hana cha kuikabili. Kuanzia mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020 Kongo ilihesabu takriban wagonjwa 310,000 walioshukiwa kuwa na surua, na zaidi ya 6,000 walikufa. Hapo wale waliogombana miaka ya 1980, wa huduma ya msingi kwa wote na wa tiba chache kama chanjo, wanajikuta wakimlinda mtoto mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni la aibu ya kuzungumzia ini katika jimbo ambalo watoto wake wanauawa na malaria na njaa. Wanaolitoa si wakatili, wanajua bei. Lakini kwanza watoto hawa wapo. Kuziba kwa mirija ya nyongo humpata takriban mtoto mmoja kati ya 10,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na Kongo huzaa watoto takriban milioni 4 kwa mwaka. Hesabu ya kawaida inatoa watoto 200 hadi 400 kila mwaka, ambao bila tiba wengi wao hufa kabla ya miaka miwili. Pili, pingamizi hili linadhani kwamba fedha za mtoto wa ini zingekwenda katika kitu kingine kisichomhusu mwenye malaria. Ukiondoa siku ya upasuaji, kinachobaki ni maabara inayotoa jibu la kuaminika, friji isiyozimika, dawa isiyokatika na muuguzi anayelipwa. Mwenye malaria anavihitaji vilevile.

Ushahidi wa karibuni wa jambo hili umetoka Maniema yenyewe. Kuanzia Oktoba 2022 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kongo, INRB, pamoja na Wamarekani, ilijaribu dawa ya tekovirimati kwa wagonjwa 597 wa mpoksi huko Tunda, katika teritori ya Kibombo, na Kole, katika jimbo la Sankuru. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024, na kwa watengenezaji wa dawa yalikuwa mabaya: vidonda havikupona upesi kuliko kwa waliopewa kidonge kitupu. Ila katika makundi yote mawili waliokufa walikuwa asilimia 1.7, wakati vifo vya mpoksi nchini vilikuwa vikihesabiwa asilimia 3.6 au zaidi. Wote walikuwa wamelazwa, wakapewa maji na chakula, wakatibiwa maradhi mengine waliyokuwa nayo, wakaangaliwa kila siku. Mtu anaweza kusema kwamba walioingia katika utafiti hawalingani na wagonjwa wote wa nchi, na ni kweli, kwa hiyo tusiichukulie tofauti ile kana kwamba imepimwa kwa mizani. Hata hivyo inaelekea upande uleule. Hospitali ya Tunda haikubadilika kuwa ya Brussels. Ilipewa kwa muda vitu vya kawaida kwa ukamilifu.

Wengine watasema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa ini la mtu mzima wana haki, na chanjo ya homa ya ini B inayotolewa utotoni itazuia saratani nyingi za miaka 40 ijayo. Kwa mtoto mchanga mwenye mirija iliyoziba hakuna chanjo, lakini kuna muda. Mwaka 1955 Morio Kasai wa Sendai, Japani, alibuni upasuaji wa kuunganisha utumbo moja kwa moja na ini ili nyongo ipate njia. Ukifanywa kabla ya siku 60 za maisha hufaulu zaidi, na hata usipoponya kabisa huweza kuahirisha haja ya ini jipya kwa miaka. Dalili inayoonekana mapema ni kinyesi kilichopauka, cheupe kama udongo mweupe wa pemba. Taiwani ilichapisha kadi yenye picha za rangi za kinyesi na tangu 2004 ikaieneza nchi nzima. Mama analinganisha kwa macho, na rangi ikiwa mbaya anapiga simu. Katika Kindu akina mama hupeleka watoto kupimwa kilo na kuchanjwa wanapofikisha majuma 6, siku 42. Baada ya hapo zimebaki 18 za kumpata daktari wa upasuaji wa watoto. Swali moja juu ya rangi ya kinyesi siku ile halina gharama, isipokuwa kwamba anayeuliza lazima awe na mahali pa kumtuma mama akijibu ndiyo, na hapo ndipo Kinshasa inapokuwa mbali.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza takrolimusi katika orodha ya dawa muhimu, kwa watu wazima na kwa watoto. Damu ya kuipima inaweza kuchukuliwa kwa tone la kidole, ikakaushwa juu ya karatasi na kusafirishwa bila barafu. Kongo tayari inatumia karatasi za namna hiyo kupima VVU kwa watoto wachanga. Familia zinazoweza kuuza nyumba ili kwenda India zinaendelea kwenda, na nyingine zitachangiwa na parokia au ndugu walio Ulaya. Michango hiyo huhesabu tiketi, hospitali na upasuaji. Ingekuwa busara ihesabu pia miaka 10 ya vidonge, nauli ya karatasi ya damu hadi Kinshasa, na mshahara wa muuguzi mmoja wa Kindu atakayeishika kadi ya mtoto huyo.